Mwalimu, hizo mbegu mia usizinunue

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa biolojia kwenye shule ya kata huku njia ya TPC, kwenye kiwanda cha sukari, Moshi. Kila mwaka kidato cha pili wananiuliza kama ile mimea inayokula wadudu ipo kweli au ni ya vitabuni tu. Nimeona mtandaoni mbegu 100 za mtego wa inzi kwa bei ndogo kuliko nauli ya kwenda Arusha na kurudi, na zinaletwa mpaka posta. Nifanyeje zisikamatwe, na nikizipata nizioteshe vipi?"

Marahaba, mwalimu. Hizo mbegu 100 usizinunue. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza na hizo hizo.

Yangu ilikuwa pakiti ndogo ya nailoni yenye picha ya mitego ya inzi ya rangi ya buluu. Nimeshika miche tangu ujana, nilipaswa kujua, lakini mtu akishapenda kitu macho huyaweka mfukoni. Nikazisia kwenye trei, nikafunika na plastiki, nikajiandaa kusubiri mwezi mzima. Siku ya tano zikatoka zote kwa fujo. Wiki ya tatu mke wangu akapita pale, akainama, akaniuliza mchicha wa kuagiza ng'ambo ni wa nini, kwani sokoni Kilombero, hapa Arusha, umeisha? Ulikuwa mchicha kweli, au ndugu yake wa karibu sana. Nikaung'oa wote nikauchoma moto, maana kitu kilichoingia bila karatasi na usichojua kilikotoka hakipikwi, hata kama nazi ipo.

Ujue mbegu halisi inavyofanana. Ya mtego wa inzi, Dionaea muscipula, ni nyeusi, inang'aa, na ukubwa wake ni milimita moja na ushee, sawasawa na mbegu ya mchicha. Ndiyo maana tapeli hapati shida. Tofauti iko kwenye umbo: ya mchicha ni duara bapa kama kidonge, ya Dionaea imechongoka upande mmoja kama tone la maji. Ya Sarracenia, ule mmea wa Amerika wenye majani yaliyosimama kama tarumbeta, ni kubwa kidogo, ya kahawia iliyofifia na ngozi ya kukwaruza. Ya Nepenthes, ile mitungi inayoning'inia, haifanani na mbegu hata kidogo. Ni kama kipande cha uzi kilichovimba katikati. Ya Drosera, ule mmea wa majani yenye gundi, ni vumbi. Ukipiga chafya umemaliza shamba. Mtu akikuletea mbegu bapa pana kama za pilipili hoho akasema ni za mmea unaokula wadudu, mrudishie. Na Dionaea ya buluu haipo. Ziko za kijani, ziko zenye mdomo mwekundu, ziko nyekundu mwili mzima. Buluu ni ya kompyuta.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2020 watu wengi Marekani na nchi nyingine walianza kupokea kwa posta vifurushi vya mbegu ambazo hawakuziagiza kabisa, vingi vikiwa na alama za kutoka China. Idara ya kilimo ya Marekani ikawaambia wasizipande wala wasizitupe, wazikabidhi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wauzaji wa mtandaoni walikuwa wanajitengenezea mauzo hewa ili waandike sifa za uongo kwa jina la mpokeaji. Waliosumbuka ni wakaguzi wa mimea, kwa sababu hakuna aliyejua ndani ya kila pakiti kuna nini.

Sasa hilo neno lako, "zisikamatwe". Limenikaa vibaya, mwalimu, lakini sikulaumu, na mimi nililisema. Baada ya ule mchicha nilimpata muuzaji mkweli kule Ulaya, mbegu safi kabisa, akaniuliza kama nataka cheti cha afya ya mimea. Nikaangalia bei ya cheti, nikaona inazidi ya mbegu zenyewe, nikamwambia aache, atume hivyo hivyo. Bahasha ikafunguliwa njiani, mbegu zikateketezwa, nikapelekewa karatasi ya kunijulisha. Kosa lilikuwa langu mwanzo hadi mwisho, na aliyezifungua alifanya kazi yake. Sisi tunaishi katikati ya migomba, kahawa, maharage na mashamba ya mbegu za mboga. Waulize wakulima wa nyanya wa Arumeru habari za kantangaze, mdudu wa Amerika Kusini aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Huyo hatusemi alikuja na mbegu, lakini mtu aliyeona shamba lake likikauka kwa mdudu mgeni hahitaji kuelezwa kwa nini bahasha zinafunguliwa.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Mwenye mamlaka ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Makao yake makuu yako Ngaramtoni, Arusha, pale ambapo wazee bado tunapaita TPRI. Kinachowapoteza wengi ni mpangilio: wanamlipa muuzaji kwanza, mbegu zikiwa njiani ndipo wanaanza kuulizia kibali. Geuza. Kwanza andika orodha yako: jina la kisayansi la kila mmea, idadi ya mbegu, nchi zinakotoka, jina la muuzaji, na kwamba ni za kufundishia shuleni. Omba kibali cha kuingiza. Kibali kikitoka kitakuwa na masharti yake, kwa mfano mbegu ziwe safi zisiwe na udongo. Nakala yake unamtumia muuzaji, naye anaipeleka kwa mamlaka ya mimea ya nchi yake, inayozikagua mbegu na kutoa cheti cha afya ya mimea kwa kufuata masharti hayo. Cheti halisi kinasafiri na kifurushi. Sasa ndipo ulipe. Muuzaji akisema vyeti huwa hatoi, au akakuambia ataandika "zawadi" au "shanga" kwenye bahasha, biashara imeishia hapo. Na ukiwa Ngaramtoni uliza kama orodha yako inahitaji pia kupita kwa TOSCI, wale wa ubora wa mbegu wenye makao Morogoro. Ni afadhali kuuliza swali la kijinga dirishani kuliko kulijibu uwanja wa ndege.

Kwa kuwa cheti kimoja kinaweza kugharimu kuliko mbegu zote, usiagize peke yako. Tafuta walimu wenzako wawili watatu wa biolojia, mwagize pamoja kwa kibali kimoja na cheti kimoja, mgawane gharama.

Tahadhari moja kuhusu ushauri wa mtandaoni: mwingi umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Utasoma kwamba mbegu chache, zisizozidi 50 kwa pakiti, zinaweza kuingia bila cheti. Hiyo ni ruhusa maalumu ya nchi yao, na hata wao wanaiombea kibali kwanza. Hapa kwetu KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haitakusaidia kitu.

Kuna na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini mwaka 1973. Dionaea, Sarracenia na Nepenthes zimo kwenye Kiambatisho cha Pili. Habari njema kwako ni kwamba mbegu za hizo zimeachwa nje ya masharti ya kiambatisho hicho, na vivyo hivyo miche ya tishu, ile inayokuzwa maabara, inayosafirishwa ndani ya vyombo visivyo na vijidudu. Mmea mzima kwenye chungu haukuachwa. Huo unahitaji karatasi za CITES juu ya hizo nyingine. Wako wachache walio kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, kama Nepenthes rajah wa Borneo, Nepenthes khasiana wa India na Sarracenia oreophila wa Marekani. Hao wasahau. Ukiona mbegu zao zinauzwa rahisi, ama ni uongo ama ni wizi. Wizi upo kweli: Dionaea porini inaota eneo dogo tu la North Carolina na South Carolina, na imeibwa kiasi kwamba tangu mwisho wa mwaka 2014 kuichomoa bila ruhusa huko North Carolina ni kosa kubwa la jinai.

Wapi pa kununua? Anza na vyama vya wakuzaji kabla ya maduka. Chama cha kimataifa cha wapenzi wa mimea hii kipo tangu 1972, makao yake yako California, na kina benki ya mbegu kwa ajili ya wanachama. Mbegu zinachangwa na wakuzaji wenyewe, zina majina sahihi, na bei si ya kibiashara. Waandikie kwanza uwaulize kama wanaweza kukupatia cheti kwa nchi yako, usijiunge kabla hujajibiwa. Afrika Kusini nako kuna wakuzaji wazuri. Njia ni fupi, na mmea nitakaokushauri uanze nao ni wa kwao.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, mwalimu, maana hata ungepata mbegu halali za mtego wa inzi kesho asubuhi, bado ningekwambia usianze nazo.

Dionaea ni mmea wa nchi yenye baridi ya kweli. Kwao ukifika wakati wa baridi siku zinafupika, majani yanapungua, mmea unalala miezi mitatu minne, halafu unaamka. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi kule inazidi saa nne. Kwetu huku, nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, tofauti hiyo haifiki nusu saa; mmea haupati habari kwamba muda wa kulala umefika. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku kuna baridi ya kuvaa sweta, na mitego yangu hupunguza mwendo kidogo. Wewe uko ukanda wa chini, kwenye miwa. Huko joto la Februari linamchosha hata ng'ombe. Mmea usiolala utaishi mwaka, pengine miwili, ukizidi kuwa mdogo, kisha unakufa na utadhani ni wewe uliyekosea kumwagilia. Wapo wanaoulaza kwenye friji: wanaung'oa, wanausafisha mizizi, wanaufunga na mosi (mimea laini ya kinamasi) yenye unyevu kidogo kwenye mfuko wa plastiki, wanauweka sehemu ya mboga miezi mitatu. Nimefanya, inawezekana. Lakini friji ya shule, na umeme unavyokatika, na mtu atakayeona mfuko wenye majani ndani akautupa? Hapana.

Halafu kuna muda. Kutoka mbegu hadi mtego wa ukubwa ule wa kwenye picha ni miaka mitatu mpaka mitano. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayepanda leo atakuwa amemaliza cha nne na yuko kwao anasubiri matokeo, wakati mtego wake haujaweza kushika hata inzi mmoja mnene.

Sarracenia ina tatizo lile lile la kulala, na mbegu zake hazioti mpaka zikae kwenye baridi yenye unyevu wiki nne hadi sita. Nepenthes ni kinyume. Zile za milimani zinataka mchana wa joto la wastani na usiku wa baridi ya nyuzi 12 hadi 15, yaani Arusha, yaani Marangu juu, na ningependa sana kumwona Mchaga mmoja akining'iniza mitungi hiyo kihambani kati ya migomba. Tatizo ni mbegu. Mmea dume ni mwingine na jike ni mwingine, lazima vyote vichanue pamoja, na mbegu ikishakauka uhai wake unahesabiwa kwa wiki, labda miezi michache. Mbegu ya Nepenthes iliyolala dukani mwaka mzima ni takataka ya bei ghali. Hizo uzitafute baadaye kama miche ya tishu, kama mnavyonunua migomba.

Anza na Drosera capensis. Ni ya Rasi, Afrika Kusini. Majani yake ni marefu kama ulimi, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone la gundi linalometameta kama umande. Mdudu akitua ananasa, na ndani ya nusu saa utaona vinywele vya jirani vinamwinamia. Baada ya saa kadhaa jani lenyewe linaweza kumkunja. Haiko kwenye CITES. Hailazimiki kulala. Inajichavusha yenyewe, na bua moja la maua linakupa mamia ya mbegu. Mbegu zikihifadhiwa kavu kwenye friji zinakaa miaka. Zinaota ndani ya wiki mbili hadi nne, na mwaka haujaisha sana mmea unaanza kutoa maua. Huo ni muda ambao darasa linauona.

Ubaya wake ni huo huo wa kuzaa. New Zealand wameiweka kwenye orodha ya mimea isiyoruhusiwa kuuzwa wala kusambazwa. Kwa hiyo ukiomba kibali, sema wazi kwamba itakaa ndani ya uzio wa shule, kwenye vyungu, na mabua ya maua utayakata kabla hayajamwaga. Na asije mwanafunzi akaipeleka kwenye tindiga "kuona itafanyaje".

Basi, maji. Kama utasoma aya moja tu ya barua hii, isome hii. Mimea hii ilianza kula wadudu kwa sababu inakoota hakuna kitu: udongo wa kinamasi wenye tindikali, hauna naitrojeni, hauna fosforasi. Mizizi yake haijui kukutana na chumvi. Nasi tunakaa chini ya Meru na Kilimanjaro, juu ya udongo wa volkano, ambao ni baraka kwa kahawa na sumu kwa Drosera. Maji ya upande wa Meru yanajulikana kwa floraidi. Meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Maji ya Chai na vijiji vya jirani yanatokana nayo. Kiwango cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huku vinavyopita hapo mara kadhaa. Floraidi ni sehemu tu ya mzigo; kuna magadi, chokaa na mengine. Ukanda wako wa TPC ardhi yake inajulikana kwa chumvi na magadi, wanakijiji wanaiona nyeupe juu wakati wa kiangazi. Maji ya kisima cha huko yataiua Drosera yako ndani ya miezi michache. Itaanza kupoteza umande, kisha ncha za majani zinakuwa nyeusi, na wewe utaongeza maji, yaani utaongeza sumu.

Kuna kifaa kidogo kama kalamu kinachopima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, wanakiita kipima TDS. Wenye maabara za maji na wafugaji wa samaki wa mapambo wanacho. Mimea hii inataka chini ya 50. Bomba la kwangu liliwahi kusoma zaidi ya 300. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri husoma 20 au chini ya hapo.

Kwa hiyo kinga mvua. Mvua ya kwanza ya masika iache ioshe bati, vumbi na mavi ya ndege viondoke, kisha ndiyo ukinge. Simtanki ni sawa, ndoo ya plastiki yenye mfuniko ni sawa. Tangi la saruji hapana, linaachia chokaa kwenye maji. Vyungu kumi vidogo havinywi sana. Madumu ya lita 20 ukijaza ya kutosha mwezi wa nne na wa tano yatakuvusha hadi vuli. Maji ya chupa ya dukani yana madini yake, soma karatasi yake kabla hujayaamini. Maji ya betri kuna ambayo ni maji yaliyokenekwa na kuna ambayo ni asidi, na chupa zinafanana, sitaki kusikia mwanafunzi ameungua. Nilishakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha ofisi ya rafiki yangu, yakasoma vizuri tu, ila mlinzi hakunielewa mpaka leo.

Udongo ni ndugu wa maji. Usichimbe chochote bustanini. Tumia ile pitimosi wanayosia miche ya nyanya kwenye trei, maduka ya pembejeo Arusha wanayo kwenye marobota. Lakini soma mfuko mpaka mwisho, maana nyingi zimeshachanganywa na mbolea na chokaa. Unayoitaka haina kitu, yenye tindikali, na kama muuzaji hana uhakika usinunue. Ikikosekana, tumia unga wa makumbi ya nazi, lakini uuoshe na kuuloweka kwa maji ya mvua mara nne au tano, kwa sababu umejaa chumvi. Changanya nusu kwa nusu na mchanga mweupe wa kwarzi uliooshwa. Mchanga mweusi wa mtoni kwetu ni volkano iliyosagwa, uache kwa mafundi. Chungu kiwe cha plastiki, si cha udongo.

Kusia ni kazi ya dakika kumi. Loanisha mchanganyiko, ubonyeze kidogo, weka mbegu kwenye mkunjo wa karatasi nyeupe, gonga karatasi kwa kidole ili zidondoke zimetawanyika. Usizifukie, zinahitaji mwanga. Usimwagilie kwa juu, zitakusanyika kona moja. Chungu kikae kwenye sahani yenye maji ya mvua, kina cha sentimita moja au mbili, na juu ufunike kwa chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko ukiache wazi kidogo pumzi ipite. Mahali pawe na mwanga mwingi, lakini jua la saa sita lisipige kwenye hiyo chupa, itakuwa jiko. Kwa Moshi, upande wa mashariki wa darasa, jua la asubuhi, panatosha. Ukiona miche inalala chini kama imekatwa shingo, huo ni kinyausi. Toa chupa, punguza maji, ing'oe iliyougua. Ukungu wa kijani juu ya udongo usikutie hofu sana.

Mbolea hakuna. Hata kijiko. Na wanafunzi watataka kuilisha nyama, hilo nakuhakikishia, watakuja na vipande vya mishikaki. Nyama inaoza na jani linaoza nayo. Mbu mmoja aliyekufa kila wiki anatosha, na kwa huko kwenu kwenye miwa na majaruba, kumpata mbu si kazi ya kuandikia mradi.

Sasa kuna jambo ambalo hukuniuliza. Jibu la wanafunzi wako, kama mimea hii ipo kweli, halihitaji mbegu za ng'ambo. Tanzania ina yake. Drosera madagascariensis ipo kwenye nchi zetu za tindiga, na Drosera burkeana pia. Utricularia tunazo aina nyingi, za majini na za kwenye udongo uliolowa. Utricularia gibba inaelea kwenye maji yaliyotulia karibu kila nchi ya joto; ukiivua inafanana na nywele za kijani, na kwenye kila uzi kuna vifuko vidogo kama kichwa cha pini. Kila kifuko kinasukuma maji nje mpaka kinabonyea, na kijidudu kikigusa mlango kinafyonzwa ndani kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtego wa inzi, unaosubiri uguswe mara mbili ndani ya sekunde kama ishirini ndipo ufunge, ni mzee wa kijiji mbele yake. Kwa darubini ya shule watoto wataona wadudu wa majini wamejaa tumboni mwa vifuko.

Usiende kuchuma ovyo. Ndani ya hifadhi ya taifa hutoi hata jani, na misitu ya hifadhi ina wenyewe. Lakini bwawa la mtu au jaruba la mzazi wa mwanafunzi unaweza kuliomba, ukatazama kwa ndoo na chujio, ukarudisha ulichotoa. Kabla ya hapo, siku hiyo hiyo utakayokwenda Ngaramtoni kwa ajili ya kibali, beba barua ya mkuu wa shule uwaombe kuona mkusanyiko wa taifa wa mimea iliyokaushwa, uko pale pale. Omba wakuoneshe Droseraceae, familia ya Drosera, na Lentibulariaceae, familia ya Utricularia. Kwenye kila karatasi ya mmea kumeandikwa ulichumwa wapi na lini, na hapo utajua mimea hii inapenda mahali pa namna gani.

Na kwa kuwa utakuwa umeshafika Ngaramtoni, kwangu si mbali. Drosera zangu ziliingia kwa kibali, safari ya tatu, baada ya mchicha na baada ya ile bahasha. Mwezi wa tisa huwa na mbegu za kumwaga, na mbegu iliyozaliwa Arusha haihitaji kupita KIA. Njoo na bahasha ya karatasi, si nailoni, na chupa moja ya maji unayokusudia kumwagilia. Tutayapima kwanza. Yakisoma zaidi ya 50, bahasha utaondoka nayo tupu mpaka mvua inyeshe.